Ngano ya Hambis

Kanuni ilikuwa moja tu, na Stalo ndiye aliyeipigania mpaka sauti ikamkauka: katika tamasha lao la filamu za maisha ya kweli, la kwanza kuwakalisha Wagiriki na Waturuki wa Nikosia, mji uliogawanywa na vita, ukumbi mmoja, hakuna filamu itakayokatwa hata sekunde. Kila upande ulileta orodha ya mambo usiyotaka kuyasikia. Stalo na mwenzake Oktay, Mturuki wa kaskazini, walizikataa zote mbili, wakaitwa wasaliti huku na huko. Wakazoea.

Adhuhuri ya siku ya ufunguzi Oktay alimwita kwenye kompyuta. "Dada, hebu kaa. Kuna mzee amekubali kusema wiki iliyopita tu. Nimemwongeza kwenye filamu yetu ya waliopotea vitani."

Mzee alikuwa amesimama kando ya kisima kikavu. Mwaka wa sabini na nne, alisema, tulitupa humu Wagiriki watatu. Wa tatu alikuwa kinyozi. Wembe ulikuwa mfukoni mwake, mpini umezungushiwa waya mwekundu.

Stalo alishika meza. Waya ule aliuzungusha yeye, akiwa na miaka minane, mpini wa wembe wa baba yake ulipopasuka.

Miaka thelathini na miwili mama yake, Bi Rodou, alikuwa amekataa kuchemsha ngano ya kuwaombea marehemu. Wajane wenzake waliichemsha, wakachanganya na komamanga, wakaipeleka kanisani majina yasomwe. Yeye alifoka: "Ngano ya nani? Hambis yuko jela huko kaskazini, atarudi!" Kila Jumamosi akapiga pasi shati la mumewe. Na leo, baada ya kubembelezwa miezi mizima, alikuwa amekubali kuja kwenye ukumbi ule, katikati ya vizuizi viwili vya mpakani.

"Mtoe huyo mzee kwenye filamu," Stalo alisema.

"Ati nini? Si wewe uliyenipigia kelele mwezi mzima juu ya kanuni?"

"Nilipiga. Sasa nakuomba, Oktay. Kinyozi yule ni baba yangu. Mama atakaa safu ya mbele. Nitamwambia mwenyewe, nyumbani, taratibu."

Oktay alivua miwani. "Pole, dada. Pole sana. Lakini yule mzee alilia. Nilimwahidi atasikika." Kisha akamkata mzee kwenye filamu.

Stalo akaenda dukani, akanunua kilo ya ngano, akaificha mkobani.

Filamu ikaonyeshwa. Wachache walitoka wakitukana, waliobaki wakapiga makofi. Bi Rodou alikaa wima, akisoma maandishi ya Kigiriki chini ya picha mpaka mwisho.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, mama alikuwa anatabasamu, na jamani, Stalo hakukumbuka lini aliwahi kumwona hivyo.

"Mama, kuna jambo..."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mimi niliogopa hayo masinema yenu, nikidhani mtanificha kitu. Lakini uliniapia hampunguzi hata neno. Basi nimesikiliza visima vyote, mashimo yote, na Hambis wangu hayumo!" Akajipiga kifua. "Yu hai, Stalo. Yu hai! Sasa nina hakika."

Stalo alijifuta macho. Mkoba ulimlemea begani.

"Wewe nawe, unalia nini siku ya furaha? Hebu twende, nina shati la kupiga pasi."