Boriti ya Juu

Katika kitabu kikubwa cha wilaya ya Tanxi, ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, kuna mstari wa uongo, na mstari huo ni wangu. Unasema: Daraja la Wakwe, la mbao, lenye paa la vigae, urefu mita thelathini na moja, lilijengwa mwaka 1955. Urefu niliupima mwenyewe kwa kamba, na sina wasiwasi nao. Mwaka ndio unaoninyima raha hadi leo, nami sasa nina miaka sitini na minane.

Niliuandika nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye viatu vipya na kiburi cha kuajiriwa na wilaya. Ofisi yetu ilikuwa na kazi moja tu: kuandika kila kitu kilichopo Tanxi, kuanzia milima na mito hadi makaburi, mahekalu, aina za chai na idadi ya nguruwe. Wilaya yetu ni milima mitupu. Mahali pa tambarare pakubwa kuliko pote ni uwanja wa mpira wa shule ya sekondari, nao umeinama upande wa goli la kusini. Mimi nilipewa madaraja. Nilikuwa nayo sabini na moja, na nilitembea kutoka moja hadi jingine kwa miguu, na daftari mkobani.

Daraja la Wakwe lilikuwa la sitini na tatu. Lilivuka mto kati ya Xiazhu na Houling, vijiji viwili vilivyooana tangu zamani isiyokumbukwa. Bibi harusi alishuka kwenye machela mwanzoni mwa daraja, akatembea hadi katikati, akanywa kikombe kimoja cha chai mbele ya kijimadhabahu, kisha akaingia ukweni kwa miguu yake mwenyewe. Chai hiyo hakunyimwa mpita njia yeyote. Siku niliyofika, aliyeshika birika alikuwa Bibi Kuang, mjane wa miaka sitini na miwili, mwembamba, mwenye macho ya kumpima mtu. Yeye mwenyewe alikunywa kikombe chake pale akiwa na miaka kumi na saba, akarithi birika kwa mama mkwe wake, na hakuliweka chini tena.

"Wilaya imekutuma na kamba tu?" aliniuliza. "Unapima daraja au unatafuta ng'ombe wako?"

Nilicheka, nikamwambia kazi imekwisha. Nilimwonyesha boriti ya chini, iliyopita juu ya vichwa vyetu, yenye maandishi meusi ya wino: 1955. Mwaka nilikuwa nimeshaupata.

"Hiyo ni ya juzi," alisema. "Mafuriko yaliozesha mbao, wakazibadilisha. Mume wangu alishika msumeno upande ule pale. Boriti yenyewe iko juu, nyuma ya dari ya madhabahu. Baba mkwe alisema imeandikwa enzi ya mfalme Qianlong, miaka mia mbili iliyopita, na jina la fundi, na majina ya watu wa pande zote mbili."

"Wewe umeiona?"

"Sijui kusoma, mwanangu. Na hata ningejua, mwanamke hapandi pale. Wewe utapanda. Umekula nyama leo?"

Nilikuwa nimekula. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameniandalia nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyopikwa na mboga za kuchachusha, na sikujivunga, nilimaliza bakuli mbili. Nilimwambia ukweli, na huo ndio ukweli wa mwisho niliomwambia kwa miaka ishirini na miwili.

"Basi leo haiwezekani," alisema Bibi Kuang bila kuhamaki. "Aliyekula nyama hapandi juu ya madhabahu. Lala kwetu. Jioni nitakupikia tofu na vichipukizi vya mwanzi, asubuhi nitakutolea ngazi, utapanda ukiwa safi."

Lilikuwa jambo dogo. Usiku mmoja tu, na tofu. Lakini basi la kurudi mjini lilikuwa linaondoka saa tisa, na mjini alikuwako Suqin, aliyekuwa akiuza nyuzi katika duka la ushirika. Baada ya wiki nne za kumbembeleza alikuwa amekubali kwenda nami sinema jioni ileile. Nilimwambia bibi kwamba ningerudi wiki iliyofuata.

"Utarudi kweli, au unanizuga?"

"Nitarudi, bibi."

Sikurudi. Wiki iliyofuata nilipelekwa kaskazini, na madaraja manane yaliyobaki yalikuwa mbali. Mwisho wa mwezi mkuu wetu alitaka orodha, nami nilijiambia kwamba 1955 umeandikwa kwa wino kwenye mti, nimeuona kwa macho yangu, nani atanilaumu? Nikaandika. Suqin, kama mnataka kujua, aliolewa na dereva wa lori.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilikutana na Bibi Kuang sokoni mjini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kuuza chai ya kwanza ya mwaka, na aliponiona alinishika mkono wa shati.

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa, bibi."

"Mwaka wa kweli?"

"Wa kweli."

Alinitazama kidogo. Kisha akafungua gunia lake, akanifungia chai katika karatasi, nyingi kuliko nilivyostahili, akakataa katakata kupokea malipo. Nilikunywa chai ile hadi mwaka mpya. Ilikuwa chai nzuri sana, na jambo hilo linaniuma kuliko kama ningeitupa.

Kitabu kilichapishwa mwaka 1990 kikapewa tuzo ya jimbo. Cheti kilitundikwa ukutani ofisini, nami kila asubuhi nilining'iniza koti langu karibu nacho.

Mwaka 2006 likaja bwawa. Bonde zima la Xiazhu na Houling lilikuwa liingie majini, na watu wahamishiwe nyumba mpya juu ya mlima. Hata hivyo jimbo lilitoa agizo zuri: kila daraja lililojengwa kabla ya mwaka 1911 lingebomolewa taratibu, kila ubao ukapewa namba yake, kisha likajengwa upya mahali maji yasipofika. Kujua umri wa madaraja, walitumia kitabu chetu. Kilikuwa na tuzo, nani angekitilia shaka? Orodha ilibandikwa mwezi wa tisa. Madaraja manne yaliokolewa. Daraja la Wakwe halikuwamo, kwa sababu kwa mujibu wangu lilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Niliisoma orodha ile mara tatu, nikaenda kunywa maji. Ningeweza kuingia ofisi ya mkuu wangu na kusema siku hiyohiyo. Kulikuwa na hatua kumi na mbili tu hadi mlangoni. Lakini nilikuwa naibu mkuu wa ofisi, vijana wakiniita mwalimu, na niliona haya. Ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuipamba. Nilijitia hamnazo kwa miezi miwili, huku roho ikinisuta kila nilipolitazama koti langu ukutani.

Nilipopiga moyo konde hatimaye, mkuu wangu, Ge Huaimin, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu Ruan, ungesema mwezi wa tisa ningepanda mimi mwenyewe. Sasa orodha imepigwa mhuri, na mbao zimeshauzwa. Wanaanza kubomoa Jumatatu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumatatu hiyo nilifika saa nne asubuhi. Mafundi walikuwa wameshaanza kushusha vigae, na boriti za mwanzo zilikuwa zimekatwa vipande vya mita mbili ili zienee kwenye lori. Katikati ya daraja, penye kijimadhabahu, Bibi Kuang alikuwa akiwamiminia chai wabomoaji. Alikuwa na miaka themanini na minne. Aliniangalia kama mtu aliyechelewa shambani.

"Umekula nyama leo?"

"Siku tatu sijala, bibi."

"Moja ilitosha," alisema. Akanionyesha nyumba yake kwa kidole. "Ngazi iko nyuma ya jiko."

Niliileta, nikaiegemeza, nikapanda. Paa lilikuwa wazi na mwanga uliingia bila kizuizi, kwa hiyo sikuhitaji hata tochi. Maandishi yalikuwa pale, meusi, mazima, kana kwamba yalikauka wiki iliyopita. Niliyasoma kwa sauti ili ayasikie. Mwaka wa arobaini na sita wa Qianlong, majira ya vuli. Fundi Yu Tiansong. Majina kumi na tisa ya Xiazhu, majina kumi na tisa ya Houling. Na mwisho, kwa herufi ndogo: mwenye kuvuka apewe chai, awe mkwe au mgeni, maadamu daraja limesimama.



"Hilo la chai," alisema Bibi Kuang, "baba mkwe hakuniambia."

"Limeandikwa, bibi."

"Basi nimemimina chai miaka sitini na saba nikidhani ni desturi tu." Alipangusa mdomo wa birika kwa kitambaa. "Ingekuwa vizuri kujua."

Nilinakili yote katika daftari, nikashuka. Nilimwambia kwamba siku ile sokoni nilimdanganya.

"Nilijua."

"Tangu orodha ilipotoka?"

"Tangu siku ileile sokoni. Ngazi ya kufika kule ni moja tu, na inakaa nyuma ya jiko langu. Haikuwa imetoka."

Niliukumbuka mfuko wa karatasi, na chai iliyonitosha hadi mwaka mpya.

"Sasa mbona ulinipa chai?"

"Nilidhani utaona haya," alisema, "urudi."

Akasuuza kikombe, akakijaza, akanipa kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni. Nilikaa kwenye ubao nikanywa polepole. Baadaye fundi mmoja alikuja akaniomba, kwa heshima, nikimaliza nisogee, maana ubao ule ndio uliokuwa ukifuata.