Gari Zima, Dereva Kalewa

Mashine ilikuwa inaimba, ila picha hatukuiona. Tuliisikia ikipiga ule mlio wake wa kukaribisha, feni ikavuma taratibu, na taa ndogo ya kitufe cha herufi kubwa ikawaka nilipokigusa, ikazimika nilipokigusa tena. Lakini skrini ilikuwa nyeusi tititi. Nyuma ya mabega yangu walisimama bosi wangu, mwenye mashine, na nusu ya kichochoro. Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha bosi, kiti ambacho mwanafunzi hata akitumwa kukipangusa alikipangusa kwa adabu.

"Hata maiti huota ndoto," alisema Paa Kwesi, muuza skrini wa kibanda cha jirani. "Ukichoka, binti, sema tuizike."

Watu wakacheka. Bosi wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Ni miaka mingi sasa. Nina duka langu, Adum hapohapo, katikati ya Kumasi, lenye feni ya dari na viti vya wateja, na mlangoni nimeandika jina langu, FRIMPOMAA, kwa herufi ambazo sikuona haya kuzikuza. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hudhani nilizaliwa na bisibisi mkononi. Siwakatalii. Lakini mtu hazaliwi fundi, hufika siku akawa, na siku yangu ilikuwa Alhamisi ile.

Kichochoro chetu kilikuwa na ugonjwa mmoja na dawa moja. Skrini ikiwa nyeusi, ikitoa mistari, ikichezacheza, jina la ugonjwa lilikuwa "grafiki". Hakuna aliyejisumbua kusema kama ni kadi ya grafiki, au draiva ya kuiendesha kadi hiyo, au ni waya tu wa skrini uliochomoka. Ilikuwa grafiki, basi, kama nyanya yangu alivyoita kila homa malaria. Na dawa ya grafiki ilikuwa moto. Unafungua mashine, unaipuliza chipu ya picha kwa bloa la upepo wa moto mpaka lehemu iliyo chini yake ilainike na kushika upya. Mara nyingine mashine ilifufuka. Mara nyingine ilifufuka kwa wiki mbili, halafu ikafa kifo kisicho na matanga.

Bosi wangu, Fundi Antwi, ndiye aliyekuwa bingwa wa dawa hiyo. Walimwita Antwi Moto. Wateja walimjia kutoka Obuasi na Techiman, wakiwa wamefunga laptopu zao kwenye taulo kama vichanga. Nilipenda kumtazama akishika bloa, maana mkono wake ulitulia kama umewekwa mezani. Mimi hakunipa kulishika. "Abena, macho yako makali," aliniambia kila nilipoomba. "Mkono bado. Utakuja tu."

Miaka mitatu nilikuwa nausubiri huo mkono. Wenzangu tulioanza pamoja walishapewa uhuru wao, ile siku mwanafunzi anapovaa nyeupe, bosi wake akammwagia poda shingoni mbele ya wazazi, na tangu hapo akaitwa fundi. Asiyepewa uhuru na bosi wake, Kumasi nzima hakuna atakayemkabidhi mashine yake aifungue. Wangu ulikuwa mdomoni mwa Antwi, na Antwi hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Basi Alhamisi hiyo akaja Mama Dufie. Alikuwa mpiga video wa harusi na mazishi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha maandamano, lakini siku hiyo alikuwa karibu kulia.

"Fundi, niokoe. Jumamosi namzika Madamu Akyaa."

"Ndugu yako?"

"Ndugu yangu wapi! Mwalimu mkuu mstaafu. Ukoo mzima umenipa picha zake, tangu ana meno ya utoto. Filamu imebaki kidogo tu iishe, na leo asubuhi nawasha, giza!"

"Si uihamishie kwenye mashine nyingine?"

"Ya nani? Kila mpiga video mji huu ana maiti wake Jumamosi."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Kumasi bila mazishi ya Jumamosi si Kumasi. Antwi akaiwasha mashine, akaitazama kwa muda wa kumeza mate, akanyoosha mkono kuchukua bloa. "Grafiki," alisema. "Imekufa. Tutaipiga moto."

Mimi nilikuwa pembeni nikipanga skrubu kwenye kifuniko cha soda. Niliona alichokiona, na nikaona kitu kingine. Kabla ya giza, nembo ya watengenezaji ilikuwa imetokea pale katikati, safi, haina mstari wala doa. Vile vinukta vya kuzunguka navyo vikatokea. Giza lilikuja baadaye. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Bosi, tusiichome."

Antwi aligeuka polepole. "Umesemaje?"

"Nembo imetoka safi, bosi. Chipu iliyokufa haichori nembo. Inazimika pale mfumo unapoamka na kumwita draiva aje kushika usukani." Nilijua nimeshaingia mtoni, nikaona bora nifike ng'ambo. "Gari zima, bosi. Dereva ndiye kalewa."

"Eee!" Paa Kwesi alipiga makofi. "Njooni muone, kifaranga anamfundisha mamaye kuchakura!"

Yangeweza kuishia hapo, kwa kofi la mdomo na mimi kurudi kwenye skrubu zangu. Lakini Mama Dufie alikuwa amesikia.

"Fundi Antwi," akauliza, "huo moto ukishindikana, kuna kurudi nyuma?"

Antwi alikuwa na kiburi, ila mwongo hakuwa. "Hakuna."

"Basi mwache binti aanze yeye. Moto haukimbii."

Mteja kumchagua mwanafunzi mbele ya bosi wake lilikuwa tusi, na tusi lile mwenye kulilipa alikuwa mimi. Mtaa wa pili kijana mmoja aliwahi kumsahihisha bosi wake mbele ya watu, akakuta begi lake nje, na hakuna fundi aliyemchukua tena. Wa mwisho kumwona alimkuta anauza maji barabarani. Antwi akasimama. Akakipangusa kiti chake kwa kiganja, akanionyesha kwa kidevu.

"Kaa. Kama unajua, tujue sote."

Ndivyo nilivyofika pale nilipoanzia hadithi hii. Nilikuwa nimeshachomeka televisheni ya duka ubavuni mwa mashine, nikitumaini picha itatokea huko. Televisheni nayo ikawa giza, na ndipo Paa Kwesi alipotangaza mazishi. Nilimwona mama yangu kichwani, akimweleza kila jirani kwa nini binti yake karudi nyumbani na begi.

Nikaizima mashine kwa nguvu ikiwa katikati ya kuamka. Nikaiwasha, nikaizima vilevile. Nikarudia.

"Sasa anainyonga," alisema mtu.

Ndivyo nilivyotaka. Mashine ikikatizwa usingizi wake mara kadhaa hujihisi mgonjwa, ikajileta yenyewe kwenye ukurasa wa matengenezo. Ukurasa ukatokea, wa buluu, mzuri kama kitambaa kipya. Nikachagua iamke kwa hali ya usalama, ambapo haimwiti dereva wake mkubwa bali hutumia yule mdogo anayezaliwa nayo. Skrini ikafunguka. Herufi zilikuwa nene na picha zimevimba, lakini nyuma yake palikuwa na Mama Dufie mwenyewe, amevaa kilemba chake cha harusi, anacheka.

"Yesu! Mimi huyo!" alipiga kelele.

Nilijivuna. Kwa nini nifiche? Nilijivuna mpaka masikio yakapata moto.

Nikafungua orodha ya vifaa. Kwenye jina la kadi kubwa ya grafiki palikuwa na alama ya njano ya tahadhari, na draiva yake iliingia Jumanne ya wiki hiyohiyo.

"Mama, Jumanne mashine haikukuuliza kitu?"

Mama Dufie akafikiri. "Iliniuliza kama nataka kusasisha. Nilikuwa kanisani, intaneti ya bure. Nikabonyeza ndiyo. Tangu hapo sikuizima mpaka jana usiku."

"Mbona ulibonyeza?"

"Mwanangu, mimi nikiulizwa kwa adabu sikatai."

Hata Antwi alitabasamu, kidogo. Nikamtoa dereva mpya na mizizi yake yote, nikahakikisha mashine haina intaneti isije ikamrudisha kwa mlango wa nyuma, nikaweka wa zamani kutoka kwenye flashi yangu. Nikawasha upya. Nembo. Vinukta. Giza la kitambo, ambalo sitalisahau. Kisha picha, safi, rangi zote mahali pake.

Makofi yalipigwa. Mama Dufie akanikumbatia, akakaa, akaifungua filamu yake. Madamu Akyaa akatokea, msichana mwenye soksi nyeupe mbele ya shule, akaanza kutembea. Alipiga hatua chache. Halafu mistari ya kijani na zambarau ikamkata vipande, na mashine ikaganda.

Makofi yale yalivyoisha! Nilisema gari zima, na gari limesimama njiani na abiria ndani.

Nikasikia mkono begani. Antwi akainama, akaizima mashine, akaigeuza, akafungua kifuniko cha chini mwenyewe. Akamulika chipu kwa tochi kwa muda mrefu.

"Hii ilishapigwa moto," alisema.

"Sijawahi kuipeleka kwa fundi!" Mama Dufie akaapa. "Niliinunua imetumika, mwenyewe akaniambia haijaguswa."

"Imeguswa. Tena aliyeigusa alikuwa na haraka, tazama bodi ilivyobabuka." Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa Paa Kwesi: "Chipu ni dhaifu. Mzigo mwepesi inabeba, mzito haiwezi tena. Ningeichoma leo, ningeiua. Binti kaniokoa."

Mpaka leo namheshimu kwa maneno hayo. Wangapi wangenyamaza?

Kisha akaniuliza, kama anavyoulizwa mtu na mtu, "Abena, mashine hii ina kadi ngapi?"

"Mbili. Hii kubwa, na ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa."

Akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia wiki nzima. "Basi unangoja nini? Baba kachoka. Mpeleke mtoto kwa mjomba!"

Kichochoro kizima kiliangua kicheko, maana hilo halihitaji kufafanuliwa Kumasi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba akikwama na ada ya shule au na mahari, mtoto anajua nyumba ya kugonga, na mjomba hana ruhusa ya kusema hapana. Nikaifunga kabisa kadi kubwa kwenye orodha ya vifaa, mzigo wote ukaangukia ile ndogo. Madamu Akyaa akaanza tena kutembea na soksi zake nyeupe. Alitembea kwa kusitasita, kama mtu anayesoma mabango njiani, lakini safari hii alifika darasani.

"Itakuwa polepole," nilimwambia Mama Dufie.

"Madamu mwenyewe hakuwahi kukimbia," alijibu, akifuta macho.

Ijumaa mchana filamu ikakamilika. Jumamosi Mama Dufie akatutaka mimi na Antwi tukae karibu na mashine yake, dereva asije akalewa tena. Tulikwenda tumevaa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa marehemu aliondoka akiwa na umri mkubwa, na kwetu msiba wa hivyo huchanganywa na shukrani. Chini ya mahema, mbele ya skrini kubwa ya kukodi, mamia ya watu aliowafundisha walimtazama mwalimu wao akiwa msichana, akiwa bibi harusi, akiwa mkongwe anayecheza na fimbo yake huku wanafunzi wakimshangilia. Pale ndipo wengi walipovunjika. Watu wazima wenye matumbo na vyeo walilia kama wamenyimwa mapumziko.

Mkuu wa ukoo alitujia akiwa bado na machozi, mzee mwenye nguo iliyotupwa begani. Alimshika Antwi mkono.

"Nimeambiwa bila ninyi tusingemwona. Na huyu ndiye yule mwanafunzi wako?"

Poda ya uhuru nilimwagiwa baada ya Pasaka, mama yangu akacheza mpaka kiatu kikakatika, na picha za siku hiyo ninazo. Sizitazami mara nyingi. Ninachokirudia ni pale chini ya hema, Antwi akitazama skrini, wala hakugeuza kichwa.

"Mwanafunzi gani?" alimjibu mzee. "Huyu ni mwenzangu."

Nikalia palepale, kwa sauti, pamoja na wafiwa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.