Mkono Mwepesi wa Fundi Suti

Fundi suti alikuwa na mkono mwepesi, na hakumwacha mtu asahau. Miaka thelathini na minane sindano yake ilikuwa ikiingia na kutoka kabla mteja hajamaliza kupiga chafya. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Ugonjwa wa sukari uliyatia ukungu. Pindo aliweza kushona kwa kupapasa, lakini ile mistari midogo ya bomba la sindano hakuiona ng'o.

Kwa hiyo miaka tisa mkewe ndiye aliyevuta insulini kutoka kwenye kichupa na kumdunga, asubuhi na jioni. Binti yao alipojifungua mtoto wa kwanza, mbali huko kwa mumewe, mama hakwenda. Angemwachia nani sindano? Jambo hilo lilimuuma fundi. Sasa binti alikuwa na mimba ya pili, na kila akipiga simu swali lilikuwa lilelile: "Mama, safari hii utakuja?"

Ndipo kliniki ikampa fundi kalamu ya insulini. Hakuna kichupa, hakuna kuvuta. Unazungusha kitako chake, kinalia tik kwa kila yuniti ya dawa, unahesabu kwa masikio tu. Kisha unachoma na kubonyeza. Muuguzi alikuwa na neno moja zaidi, lakini fundi alishavaa kofia na kushika mlango.

"Hata kipofu anaiweza hii!" alitamba njia nzima.

Mkewe hakuwa mtu wa kulishwa maneno. "Jidunge mwenyewe wiki moja," alisema. "Sukari ikishuka, naenda. Isiposhuka, siendi, na usinisumbue."

Tik alizihesabu bila kukosea hata moja. Siku ya kwanza kipimo cha sukari kilisoma kumi na tano. Ya tatu, kumi na saba. Ya tano, kumi na tisa, na mkewe akaanza kutoa nguo kwenye begi la safari na kuzirudisha kabatini, moja moja, kimya. Afadhali angegomba. Fundi akaishika kalamu, akawaza kuongeza tik nane kwa siri. Kidole kilishagusa kitako, akaghairi, akaiweka chini. Kesho yake asubuhi alimwomba mkewe wafuatane kliniki.

"Kalamu yenu mbovu," alimwambia muuguzi.

"Haya baba, jidunge hapa nikuone."

Fundi akafunua tumbo. Akachoma, akabonyeza, akachomoa, chap, kama anapitisha sindano kwenye kola.

Muuguzi alijaribu kujizuia, kicheko kikamshinda. "Baba, unajidunga au unashona?" Akakichukua kidole cha fundi, akakipitisha tumboni. Pamelowa. "Dawa yako hii hapa, imebaki nje. Ukishabonyeza, iache sindano ndani, hesabu mpaka kumi, ndipo uchomoe. Nilitaka kukwambia siku ile, ukanikimbia. Hukuongeza dozi?"

"Nilitaka."

"Mungu kakuokoa. Siku mkono ungetulia, dawa yote ingeingia, sukari ingeshuka mno, ungeanguka."

Nyuma yake fundi alimsikia mkewe akivuta pumzi ndefu, na aibu ikamjaa kuliko siku zote za maisha yake.

Kuhesabu kumi! Mtoto wa chekechea anajua. Lakini mkono wa fundi haukujua, kila akifika tatu ulitaka kuchomoka wenyewe. Akawa anaubana mkono wa kulia kwa wa kushoto, anahesabu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Wiki ya pili ikaisha. Mkewe akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Tisa," alisema, akaketi kitandani.

"Mbona huchukui begi?"

Fundi akapapasa mpaka akalifikia bega lake, akakuta linatikisika.

"Miaka tisa nimekudunga," mkewe alisema. "Nimelalamika weee. Leo unajidunga mwenyewe, nami naona nimefukuzwa kazi."

Fundi naye machozi yalimlenga. Alitaka kumwambia abaki. Neno lilishafika mdomoni. Akaichukua simu, akampa.

"Mpigie mwanetu," alisema. "Mwambie safari hii unakwenda."