Ukurasa wa Shukrani

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, ndipo mambo ya Matonya yalipoharibika: chuo kilimsimamisha bintiye Penina kwa ajili ya ukurasa wa shukrani. Humo Penina alimshukuru Mungu, marehemu mama yake, na akili bandia iliyomsaidia kupanga sura ya pili ya utafiti wake. Ndivyo baba yake alivyomlea. Kwao Haneti, watu wakija kukulimia shamba, huonji pombe mpaka umtaje kila aliyeshika jembe, hata mvivu.

Sasa mgane huyo na bintiye walikuwa mbele ya mkuu wa idara, fomu ikiwa mezani. Penina akikiri kwa saini kwamba alidanganya na kuvunja sheria ya chuo, atabaki na doa maisha yote; asiposaini, hahitimu.

“Mzee wangu, asaini tu yaishe.”

“Na wenzake waliotumia wakanyamaza?”

“Hao hatuwajui, mzee.”

“Ndiyo zenu wakubwa. Aliyejificha anavaa joho, aliyejitaja mnamfunga kamba.”

Mkuu akainamia simu yake. Penina akanong'ona, “Baba, nipe kalamu.”

Matonya aliifumbata kalamu. “Mimi niliishia darasa la nne, mkuu, basi nisomee wewe. Hiyo sheria aliyoivunja mwanangu, mliiandika lini?”