Vidole Viwili vya Akiba

Niseme wazi mapema tusije tukalaumiana: upasuaji wangu ulifaulu. Nilikuwa mwanamke wa kilo mia moja thelathini na mbili, napanda ngazi tatu za duka letu nimeshika ukuta, nameza dawa za kisukari asubuhi na jioni. Daktari akanikata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, akaniachia kijimfuko chembamba, na ndani ya mwaka mmoja nikapungua kilo arobaini na nane. Dawa nikaachishwa. Magoti yakaacha kulalamika. Kwa hiyo daktari wa watu hana kosa, na atakayemsema vibaya mbele yangu tutashikana mashati.

Ninachosimulia mimi ni kile ambacho kisu chake hakikukifikia.

Mimi na dada yangu ni mafundi cherehani. Duka letu lina vyumba viwili: cha mbele tunapima wateja, cha nyuma tunakata na kushona. Dada amenizidi miaka sita, na tangu utotoni ananiita Kibonge. Mtu mwingine akiniita hivyo ananitafuta ubaya, lakini kwake yeye naitika. Dada ana maneno machache na mkono mwepesi wa kazi. Mimi nilijulikana kwa upole. "Muulize yule mnene mpole," ndivyo wateja walivyoelekezana. Mteja akija kufoka kwamba alichotaka wiki iliyopita sicho anachotaka leo, mimi natabasamu. "Samahani, mama, tutarekebisha." Kisha naingia chumba cha nyuma, nafungua droo ya cherehani, nakula. Biskuti, mkate, chochote kilichopo. Sikujua kama nina hasira. Nilijua nina njaa.

Baada ya upasuaji njaa ilinitoka kabisa, miezi kama mitano hivi, nikajiona nimeshafika. Halafu siku moja mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, mteja wetu wa siku nyingi, akanirushia blauzi kifuani. "Hii umeshona kwa miguu?" Nikatabasamu. Nikaingia nyuma, nikafungua droo, ndani kulikuwa na pini na nyuzi. Mikono yangu ikawa inapekua yenyewe. Jioni hiyohiyo nikanunua maziwa mazito ya kopo, yale yenye sukari, kwa sababu nilishagundua kwamba kijimfuko changu kinagomea mkate, ila cha majimaji kinapita kama hakijaona kitu. Kijiko kimoja tu na, kama daktari alivyonionya kuhusu sukari, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka mpaka mgongoni. Nikakaa chini nikisubiri kupoa. Nilipopoa nikachota kingine.

Kopo moja kwa wiki likawa mawili, mawili yakawa manne. Makopo matupu nilikuwa nayaviringisha kwenye vipande vya vitambaa na kuyasukuma chini kabisa ya gunia la mabaki. Kule kliniki walikuwa wamenipangia kuonana na mshauri, mama wa makamo mwenye kiti kinacholia kila akiegemea. Nilienda mara moja tu. Aliniuliza, "Kabla hujaanza kula, huwa kumetokea nini?" Nikamjibu, "Huwa saa ya kula imefika." Akacheka, nikacheka, sikurudi tena. Tumbo limeshakatwa, maneno ya nini?

Mizani nikaikimbia. Ila fundi atakimbia mizani, tepu ya kupimia ataikimbilia wapi? Hapo nikafanya ujinga ambao fundi peke yake anaweza kuufanya. Tepu ya kitambaa ikitumika miaka mingi inavutika. Namba zinaachana, kiuno cha sentimita tisini na nne kinasomeka tisini. Dukani kwetu ni sheria kwamba tepu iliyovutika inatupwa, maana itakuharibia nguo ya mtu na jina lako pamoja. Dada alikuwa ametupa moja. Mimi nikaiokota kwenye taka, nikaifuta vumbi, nikaificha, nikawa najipimia hiyo kila Jumatatu mlango ukiwa umefungwa. Na kila Jumatatu ilinipa namba ninayoitaka.

Mwaka ulipotimia, muuguzi wa kliniki akanipigia simu. Kuna watu kumi na wawili wanaosubiri kupasuliwa, wamewaitia kikao, na wanataka mtu aliyefanikiwa aje azungumze nao. "Tumekuchagua wewe," akasema. "Wewe ndiye mfano wetu." Nikakubali palepale kwa sauti ya kuchangamka. Simu ilipokatika nikala vijiko sita.

Dada alifurahi mpaka akaimba, na Dada haimbi. Akasema gauni la siku hiyo atalishona yeye, nisiguse hata kifungo. Akachukua tepu mpya aje anipime, nikaruka pembeni kama nimepakwa upupu. "Vipimo ninavyo," nikamwambia, nikamwandikia kwenye karatasi: kifua, kiuno, nyonga. Vyote vya ile tepu iliyovutika. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Haya," akasema.

Gauni likawa tayari siku moja kabla ya kikao, saa nane mchana. La buluu, zipu mgongoni. Nililivaa roho ikiwa mkononi, kwa sababu moyoni nilijua nimempa namba za uongo. Zipu ikapanda bila kushika popote! Nikazunguka mbele ya kioo kama msichana. Kumbe tepu yangu ilikuwa inasema kweli. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipolivua na kuligeuza ndani nje, maana fundi hawezi kuacha kuchungulia kazi ya fundi mwenzake.

Dada alikuwa ameongeza sentimita nne kiunoni, juu ya zile tisini nilizomwandikia. Hilo moja. La pili, kila upande wa mshono, pale tunapoacha kitambaa cha akiba upana wa kidole kimoja, yeye aliacha vidole viwili. Vidole viwili tunawaachia wajawazito na watoto wanaokua. Tunamwachia mtu ambaye fundi ana uhakika kwamba ataongezeka.

"Hii nini?" nikauliza.

Dada alikuwa anapiga pasi. "Akiba."

"Vidole viwili?"

"Ndiyo."

Sijui nikwambie nini kilinipanda. Kilitoka miguuni. Nilisikia sauti nisiyoijua inatikisa chumba, na ilikuwa yangu.

"Kumbe unanisubiri ninenepe! Mwaka mzima unanisifia kwa wateja, mdogo wangu hivi, mdogo wangu vile, kumbe ndani kwa ndani unanisubiri! Si ungeniambia usoni?"

Dada akasimamisha pasi. "Nimekupima kwa macho, Kibonge. Ile tepu niliitupa mimi, nikarudi jioni nikakuta haipo. Nani mwingine aokote tepu mbovu?"

"Sijaokota kitu!"

"Na gunia la mabaki nani hulipeleka jalalani? Si mimi? Makopo yanagongana mle ndani, natembea barabarani watu wananigeukia, wanadhani nahama na vyombo."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilipiga meza kwa kiganja mpaka chaki zikaruka. "Kama ulijua, kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Mimi sijui kusema! Hamkunifundisha kusema! Nikilia mlikuwa mnanitia mkate mdomoni!"

Sentensi hiyo sikuwa nimeipanga, na mpaka leo sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote ile.

Nieleze kidogo. Baba yetu hakutaka kusikia mtoto. Akisikia mtoto analia, anayepigwa ni mama, kwa kosa la kushindwa kulea. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta wake unapitisha hata kikohozi. Mimi nilikuwa kitindamimba na nilikuwa na sauti. Hayo tu.

Dada akakaa juu ya jora la kitambaa, jora jipya, kitu ambacho angenikuta nakifanya mimi angening'oa masikio.

"Ni mimi," akasema. "Mama alikuwa ananiambia, mnyamazishe mdogo wako kabla baba yako hajasikia. Nilikuwa na miaka kumi, wewe minne. Nilijua njia moja tu. Nakupa mkate wako. Ukiisha bado unalia, nakupa wangu. Ukitafuna unanyamaza, na siku hiyo mama hapigwi." Machozi yalikuwa yanamshuka bila kwikwi, alivyozoea. "Nikaendelea hata baba alipoondoka. Hata mama alipofariki. Nikikuona uso umebadilika nakuwekea kitu mbele. Zile biskuti za kwenye droo, unadhani zilikuwa zinajijaza?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Miaka kumi na tatu tuko dukani pamoja, droo haikuwahi kuwa tupu, na mimi sikuwahi kujiuliza.

"Ulipokatwa tumbo niliacha," Dada akasema. "Nikajua yameisha. Makopo yalipoanza nikaogopa. Nikikusema utalia, na ukilia mimi sina kingine cha kukupa. Ndiyo nikakuachia akiba. Sikukusubiri unenepe, mdogo wangu. Nilitaka ukiongezeka uje kwangu nikulegezee, usijifungie na tepu mbovu."

Nikamwendea nikamkumbatia palepale kwenye jora. Tulilia kwa sauti, wanawake wawili wazima, tena mimi kwa sauti ya juu kuliko yeye. Katikati ya kilio hicho pazia la mlangoni likasogea, tukasikia mtu anakohoa. Alikuwa yule mama wa mkoba mkubwa.

"Mafundi, kwema? Mimi nimekuja kuuliza sketi yangu, na kama haijaisha leo mtanitambua!"

"Haijaisha!" nikamjibu. Sauti ilikuwa bado moto. "Njoo kesho kutwa, mama. Na usitufokee. Tunagombana, hatujamaliza."

Nikafumba macho nikisubiri dari ianguke.

"Aa," akasema yule mama. "Basi kesho kutwa. Samahanini." Tukasikia viatu vyake vinashuka ngazi, moja, mbili, tatu.

Dada akanitazama, macho yamemtoka. Akaanza kucheka. Tulicheka mpaka nikashika mbavu, na Dada akaigonga pasi ikaangukia kitambaa cha watu, ikakiunguza. Nilipokwenda kuichomoa ndipo nikaona droo yangu. Ndani yake kulikuwa na kopo, nusu limejaa, na kijiko chake. Nilikuwa nimefoka, nimelia, nimemjibu mteja, saa nzima imepita, na mkono wangu haukuwa umelielekea hata mara moja. Nilikuwa nimelisahau! Wewe hujui maana ya kusahau chakula kama hujawahi kuishi kichwani mwangu.

Kesho yake nililitia kopo lile kwenye mkoba, nikavaa gauni la buluu, nikaenda kliniki. Dada akafuata. Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti visivyo na mikono, wamejikusanya vile ninavyojua mimi, mtu anavyojitahidi asichukue nafasi. Muuguzi akanitambulisha kwa maneno matamu, kilo arobaini na nane, makofi. Mshauri alikuwa ameketi nyuma, kwenye kiti chake kilekile kinacholia.

Nikatoa kopo nikaliweka mezani. Muuguzi tabasamu likamganda.

"Tumbo langu lilikatwa vizuri sana," nikawaambia. "Kisukari kimetulia, napanda ngazi. Lakini haya maziwa nayala kwa siri, makopo manne kwa wiki. Asubuhi hii nimepanda mizani niliyokuwa naikimbia: kilo saba zimerudi. Nilitaka kuja hapa kuwadanganya. Hata tepu nilikuwa nayo ya kunidanganyia."

Dereva mmoja mnene, amekaa mbele, akauliza kwa woga, "Kwa hiyo tusifanye?"

"Fanya, kaka! Mimi ningerudia kesho. Ila daktari anakata mfuko wa chakula. Kile kinachokupeleka kwenye sahani hakikai mle, hatakikuta. Kitakungoja nje ya mlango wa upasuaji na viatu vyako. Mimi nilifikiri kitaondoka pamoja na nyama iliyokatwa."

Msichana wa pembeni, ambaye hakuwa ameinua uso tangu niingie, akasema, "Mimi nakulia chooni. Bomba nimelifungulia, wasinisikie." Mzee aliyekuwa karibu naye akasema kwake ni kwenye gari, baada ya kazi, anaegesha mbali na nyumbani. Wakaanza kusema mmoja mmoja, na nikaona mabega yanashuka chumba kizima. Yangu yalikuwa yameshashuka tangu nilipoweka kopo. Nilikuwa mwepesi siku ile kuliko siku niliyopimwa nikaonekana nimepungua kilo zote zile.

Kiti cha nyuma kikalia. "Naweza kukuuliza tena swali langu la zamani?" mshauri akasema. "Kabla hujaanza kula, huwa kumetokea nini?"

Nikamtazama Dada mlangoni. "Huwa kuna mtu amenifokea," nikasema, "na mimi nimetabasamu."

Hakucheka. Akafungua daftari lake la miadi, akaniuliza Alhamisi saa nne naweza. Nikasema naweza.

Tulipotoka, Dada akanisimamisha ngazini, akatoa mfukoni ile tepu mpya, akanizungushia kiunoni juu ya gauni, watu wanapita. Safari hii sikuruka.

"Tisini na nne," akasoma kwa sauti.

"Tisini na nne," nikarudia, nami kwa sauti.