Kicheko Kilichobaki Chuoni

Mama Kitinda alikuwa na pini mdomoni na futi shingoni, anapima mabega ya mtafiti wa mvua pale barazani kwake, mpita njia mmoja aliposimama kuuliza Fundi Viatu amehamia wapi. Mtu mwenye pini mdomoni hajibu kwa maneno. Akaonyesha kwa kidevu. Fundi Viatu alikuwa ng'ambo ya barabara, amejibanza chini ya paa la duka la vifaa vya umeme, kwa sababu tangu Idara ya Mwanga ya Chuo Kikuu ilipokuja kupima kivuli chake hakuwa nacho tena, na mtu asiye na kivuli jua humwingia mpaka kwenye mifupa. Hakuwa na kinyongo. Alilalamika tu kwamba mwenye duka anafungulia redio kubwa mno.

Chuo Kikuu kilianzia pale ukuta wa nyuma wa mtaa ulipoishia, kikaenda mbele mpaka macho yanachoka. Kilikuwa kikubwa hata wenyewe walikuwa hawajamaliza kukijua. Walisomea nyota na funza, udongo na ndoto, kutu, homa, mwendo wa chungu, mwendo wa bei, na sababu ya mtu kupiga miayo akiona mwenzake amepiga. Na kwa kuwa watafiti nao ni binadamu, na binadamu hapendi kwenda mbali wakati wa chakula cha mchana unakaribia, kila walipotaka kitu cha kupima walianzia mtaani.

Kila walichokipima kiliondoka nao. Walikuja kupima usingizi wa mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, na tangu siku hiyo mwalimu yuko macho, anasahihisha madaftari ya watoto wa watu ambao hawakumwomba. Walirekodi mvua juu ya bati la jiko la mama mkwe wake Mama Kitinda, na sasa mvua ilinyesha juu ya bati hilo bila sauti, hata Bibi huyo akawa anaanika nguo bila kujua kuwa nje kunanyesha. Hakuna aliyegombana nao. Walikuwa wapole, wanabisha hodi, wanaomba ridhaa, wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mwishoni kila mshiriki alipewa mche wa sabuni kwa shukrani. Mtaa ule ulikuwa msafi kupita mitaa yote.

Mama Kitinda ndiye aliyeshona makoti yao meupe, karibu yote. Aliwajua kwa migongo. Kwa hiyo siku Dada wa Vicheko alipobisha hodi na kinasa sauti chake, hakuja kama mgeni. Alikuwa msichana mstaarabu, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, kasoro ambayo Mama Kitinda alikuwa akiificha kwa pamba na hajawahi kumwambia.

"Tunasoma vicheko vya watoto, mama," alisema. "Kimoja tu kinatosha."

Mtoto mwenyewe aliitwa Kitinda kwa sababu alikuwa wa kwanza na madaktari walisema ndiye wa mwisho. Alikuwa na umri wa kung'oa meno ya mbele, na nyumbani alikuwa kelele tupu, lakini alipoona mgeni na waya akajificha nyuma ya cherehani, kidole mdomoni.

Hapo Mama Kitinda aliona haya. Mgeni amekaa, amesubiri, na mtoto anamwangusha mama yake. Akamvuta, akachukua ncha ya futi, akamtekenya nayo kwapani. "Cheka, mwanangu. Usituaibishe kwa wageni." Kitinda akajikaza, akajikaza, kisha akapasuka. Kicheko chake kilianza kwa kwikwi, kikapanda juu, kikakatika, halafu kikamalizikia na "basi, basi, basi" ya kuomba msamaha usiotakiwa. Dada wa Vicheko aliinua kidole gumba kwamba kimetosha. Lakini Mama Kitinda alikuwa fundi wa kuongezea. Aliyeshonewa kwake hakuondoka bila mabaki ya kitambaa na vifungo vya akiba. Akamtekenya tena kwapa la pili. Akamwongezea mgeni mpaka mtoto akaishiwa.

Dada akashukuru, akatoa mche wa sabuni, akaenda.

Jioni ile Bibi alimkunjia mjukuu uso kama nyani, jambo ambalo siku zote lilimwangusha Kitinda sakafuni. Kitinda akamtazama kwa adabu. "Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba," alijibu Bibi, akaukunjua uso wake. "Makubwa. Mke mwenzangu amekuwa karani."

Hakuwa mgonjwa. Alikula, alilala, alifanya vizuri shuleni kuliko zamani. Watoto wenzake walipocheka yeye alisubiri wamalize, kisha mchezo ukaendelea. Ukimtekenya alisogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila alipoegesha alipiga simu. Hakuuliza habari za nyumba kwanza. "Nipe huyo kichaa wangu anichekee kidogo," alikuwa akisema, "niondoe uchovu." Mama Kitinda akasema mtoto ameshalala. Mara nyingine akasema yuko kwa jirani. Akasema ana mafua, sauti imekauka. Baba akasema anakuja, safari imekwisha, mwisho wa mwezi yuko nyumbani, na kama ni mafua atayatekenya mpaka yatoke.

Mama Kitinda alikata simu akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Alimpenda mume wake, na alikuwa anaogopa macho yake. Mume alimwachia kitu kimoja tu cha kumtunzia nyumbani.

Makoti ya mwezi ule yalipokamilika, hakungoja waje kuyachukua. Aliyakunja, akayafunga kwa shuka, akajitwika na kwenda nayo Chuoni mwenyewe. Dada wa Vicheko alimpokea getini kwa furaha, akamsaidia mzigo, akaona si vibaya kumtembeza. "Si kila mtu anapata nafasi ya kuona," alisema.

Wakapita korido ndefu zenye harufu ya spiriti. Katika chumba kimoja kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, na juu yake hakuna mtu, ila mkoromo. Mama Kitinda akautambua. Alikuwa ameusikia miaka yote kupitia ukuta wa nyumba ya kona. Msaidizi mmoja alikuwa akiufunika shuka. Chumba kingine kilikuwa na spika tupu mezani, na ndani yake mvua inapiga bati, na ile sehemu yenye tundu alilokuwa ameliziba Bibi kwa kopo ikitoa mlio wake wa peke yake. Mbele kidogo, ukutani, kivuli cha Fundi Viatu kilikuwa kimetandazwa na kubanwa kwa pini, nyundo bado mkononi.

"Pini hizo zitaacha kutu," alisema Mama Kitinda. "Tumieni zisizoshika kutu."

"Tutazingatia," alisema Dada.

Kulikuwa na milango mingine mingi: wanaopima kiu, wanaopima muda ambao mjane huendelea kupika chakula cha watu wawili, wanaopima unyevu wa ukuta. Wote walikuwa wamejiinamia kazini, wamevaa makoti ambayo yeye ndiye aliyeyapiga pindo. Walimwamkia vizuri. Wengine walimwuliza kama anaweza kubadilisha mifuko.

Kicheko kilikuwa chumba cha mwisho, ndani ya sanduku la kioo. Hakikuonekana, ila kioo kilikuwa kikitetemeka kwa ndani na kushika mvuke. Ukivaa spika za masikioni ulikisikia. Mama Kitinda alizivaa. Ile kwikwi, ule mpando, ule mkatiko, na "basi, basi, basi." Akazivua haraka, akaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha moto kama shingo ya mtoto aliyetoka kukimbia.

"Nimekuja kukichukua," alisema.

Dada wa Vicheko alisikitika, na hakuwa anaigiza. "Mama, haiwezekani tena. Hiki ndicho kicheko bora tulichonacho. Kwa sababu uliongezea, unakumbuka? Vingine vyote ni vifupi. Watu wa vyuo vingine wanapima vyao kwa hiki. Kikitoka hapa, kazi za watu wengi zitabaki zinaning'inia."

"Baba yake anarudi."

"Naelewa."

"Kitaota kingine?"

"Hilo ni swali zuri sana. Tunaliombea ruhusa ya kulitafiti."

Mama Kitinda akapandwa na hasira, na hasira ikamletea maneno ambayo hakuwa ameyapanga. Alimwambia kwamba yeye naye anapima watu kila siku ya Mungu, anapima kifua, kiuno, mabega, anaandika kwa chaki, na mpaka leo hakuna mteja aliyetoka barazani kwake akiwa ameacha kifua nyuma.

Dada akamtazama kwa heshima kubwa. Akatoa kinasa sauti mfukoni. "Mama, hilo ni jambo la maana mno. Wenzetu wa Idara ya Maadili lazima walisikie. Unaweza kulirudia?"

Mama Kitinda akalirudia, polepole, neno kwa neno, ili lisiharibike njiani. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Akapewa mche wa sabuni. Alipofika kwenye geti alijua kwamba alikuwa amesema kitu kizuri mle ndani, kitu ambacho kingemjibu mtu yeyote, lakini hakukikumbuka, na hasira nayo hakuwa nayo tena. Alikuwa na shuka lake mkononi na ruhusa ya ndugu wa washiriki kuja kusikiliza kila Alhamisi.

Baba alirudi jioni na mavumbi yake. Hakuoga, hakukaa. Akamrusha Kitinda juu, akamdaka, akamzungusha, akapuliza tumbo lake kwa mdomo. Kitinda alisubiri mpaka akateremshwa, akashusha gauni lake vizuri.

"Pole na safari, baba," akasema.

Baba akamrusha tena. Mara ya tatu hakumrusha. Akakaa kwenye kizingiti, viatu miguuni, mikono imelala mapajani. Mama Kitinda akamweleza yote, na sehemu ya kuongezea hakuificha. Bibi alikuwa jikoni, mvua inanyesha, hakuna aliyejua.

"Kiko salama lakini?" aliuliza baba.

"Kiko salama. Wamekiwekea kioo."

"Hawakikwaruzi?"

"Hawakigusi."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi Alhamisi twende."

Walikwenda wote watatu, wamevaa nguo za kutokea. Baba akapewa kiti na spika za masikioni. Alifumba macho. Mwanzoni mabega yake yalitikisika kwa kicheko, maana kicheko kile kilikuwa cha kuambukiza na watafiti walikuwa wameshathibitisha hivyo. Kisha yakaendelea kutikisika kwa namna nyingine, na machozi yakateremka mpaka kwenye ndevu. Dada wa Vicheko alimtazama kwa makini, akachomoa kinasa sauti, akafikiri, akakirudisha mfukoni. Aliwaza kwamba ni mapema. Angebisha hodi wiki ijayo.

"Na mimi," alisema Kitinda, ameshika goti la baba.

Wazazi wakaangaliana. Baba akazivua spika, akamvalisha. Zilikuwa kubwa, akazishikilia kwa mikono yote miwili. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, mpaka ile "basi, basi, basi." Kioo kilikuwa kimejaa mvuke.

"Nani huyu, mama?"

Mama Kitinda alitazama sakafu. "Mtoto mmoja."

Kitinda akasikiliza tena kutoka mwanzo. "Anafurahia nini?"

Mama yake alijua jibu. Futi ilikuwa mfukoni mwake, alikuwa anatembea nayo siku zote, akaishika kwa vidole. "Anacheza na mama yake," akasema.

"Ana bahati," alisema Kitinda, akamrudishia Dada spika zake na kushukuru.

Wakapewa mche wa sabuni. Njiani walimsalimia Fundi Viatu, aliyekuwa amepata mwavuli, na mwalimu wa nyumba ya kona akawasimamisha kumwambia Kitinda kwamba hesabu zake hazina hata kosa moja. Baba akasema hayo ni maendeleo.

Jioni Mama Kitinda alichemsha maji, akamwogesha mtoto uani kwa mche ule mpya. Ilikuwa sabuni nzuri, ya povu jingi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Mkono wa mama ulipofika karibu na kwapa ukapunguza mwendo, ukangoja. Kitinda akanyoosha mikono yote miwili, akakaza macho mbele, akatulia kabisa mpaka mama yake amalize, kama wanavyosimama wateja wakipimwa koti.