Zogo la Shangazi Tatu

Muuguzi ananifunika pua na mdomo kwa barakoa ya dawa ya usingizi, midomo ya daktari inasema vuta pumzi, nami navuta, na kitanda kinageuka kuwa barabara. Natembea. Tangu homa iyazibe masikio yangu nimezoea ukimya, lakini ukimya wa mji huu ni mwingine: nyumba zote zina kuta za vioo, na ndani ya vioo watu wanapiga ngoma, wanagombana, wanacheka, na hakuna kinachotoka. Barabara inapinda, inarudi palepale, inapinda tena. Mtu asiye na uso ananishika mkono. Unatafuta nini, anauliza, na sauti yake naiona tu, kama mvuke. Natafuta zogo, namjibu. Fujo tunazo, anasema. Sitaki fujo, fujo huvunja vitu. Ghasia je? Ghasia humchosha mtu. Basi zogo ni nini, mbona wenye masikio wanalikimbia? Namvuta hadi kwenye kioo kimoja, na humo yumo shangazi yangu Tatu, siku ya harusi ya dada yangu, kabla ya homa ile, uani, katikati ya masufuria ya pilau. Wanawake wanasema wote kwa pamoja, nani kachukua mwiko, chumvi imezidi, bwana harusi kafika na hakuna aliyevaa, mbuzi kakata kamba. Shangazi hamnyamazishi mtu. Anamjibu huyu, anamkemea yule, anaonja, anacheka, mkono wake haukosei sufuria, na ndani ya makelele yote hayo anamsikia binti yangu mchanga akilia chumba cha mwisho. Mwajabu, anasema, mwanao kaamka. Mimi mama yake sijasikia kitu. Hilo ndilo zogo, namwambia asiye na uso. Watu wapo, wote wapo, na hakuna anayemwogopa mwenzake hata akanyamaza. Anasema, anayeingia humo hajui atatokea wapi. Naweka kiganja juu ya kioo. Kina joto, kinalegea, kinanipitisha.

Nafumbua macho. Bandeji imenibana kichwa, na daktari alinieleza kabla ya kunipasua masikio kwamba sitasikia chochote mpaka itolewe. Nami nasikia. Binti yangu Saumu, mtu mzima sasa, anabishana na shangazi nani atanilisha uji, kijiko kinaanguka, muuguzi anawaambia watoke nje mgonjwa apumzike. Waache, nasema. Wote wananigeukia, wananyamaza. Endeleeni kusema, nawasihi, wala sithubutu kufumba macho, maana sijui nikiyafumba nitaamkia upande upi.